Dakika za Mama Kahindo

Kuna watu wanaodhani kukata filamu si kazi. Wanapita mbele ya studio yetu pale Rwambuzi, mjini Bunia, wanamwona Mireille ameketi mbele ya kompyuta, masikio yamefunikwa, mlango wazi, feni inazunguka kwa uvivu, wanasema huyu dada anacheza. Shangazi yake mwenyewe aliwahi kumtuma akanunue chumvi katikati ya kazi, eti kwa sababu alimkuta hana shughuli. Mimi ninayeshika kamera jasho langu linaonekana, kwa hiyo mimi ndiye ninayeambiwa pole. Inaniudhi. Nikikosea mimi, Mireille ananifichia. Akikosea yeye, familia mbili zinaweza kununiana hadi wajukuu wazaliwe.

Naitwa Didier. Nataka kusimulia jinsi Mireille alivyo, na nataka kusema alichofanyiwa na papa Adolphe, kwa sababu hasira yangu bado iko pale pale na sioni kwa nini niifiche.

Kazi alijifunza kwa papa Mbuyi, mtu wa Kasai aliyefika Bunia zamani na mashine zake za kaseti. Papa Mbuyi alikuwa mkali. Ukiandika jina la mtu kwenye picha likamkalia kidevuni, alizima mashine na kukuuliza kama wewe ungependa kubandikwa herufi mdomoni. Ukiliweka chini mno, alikupeleka kwa jirani mwenye televisheni kuukuu ili ujionee jinsi kioo kinavyokula pembeni na jina la mtu kubaki nusu. Wanafunzi wengi walimkimbia. Mireille alibaki, tena kwa kiburi, wala si kwa upole. Anasema alikuwa anamngoja yule mzee akosee hata mara moja ili amcheke. Alingoja mpaka mzee akazeeka, na mashine akamwachia yeye.

Siku hizi tunapiga picha za HD, na HD haina aibu. Inaonyesha kiraka cha kitenge, inaonyesha poda iliyokauka shingoni, inamwonyesha mjomba anayefungua chupa ya pili wakati pasta bado anaomba. Wateja wanakuja wanataka kufunikwa: waridi zipeperuke, mioyo ipasuke, majina yaandikwe kwa rangi ya dhahabu na yawake moto. Mireille anawafanyia huku amevuta mdomo. Lakini kwenye ukanda wa jina, ule unaopita chini ya kifua cha mtu na kusema huyu ni nani, hapo hachezi. Kabla sherehe haijaanza anamzungukia kila mmoja, ananiambia niwashe kamera, anauliza: jina lako nani, na wewe ni nani kwa bibi harusi?

Mgeni anaweza kuona ni ushamba. Si ushamba. Filamu ya mahari kwetu haiwekwi kabatini ikasahauliwa. Miaka ikipita, wakwe wakikosana, mtu anasema, tuwekeeni filamu tuone nani alipokea na nani alisema nini. Watu wanakaa, wanaangalia, na ugomvi unaishia pale au unaanzia pale. Ndiyo maana tuna sheria yetu, papa Mbuyi aliitia kichwani mwa Mireille na Mireille akaitia kichwani mwangu. Densi unaweza kuipunguza. Chakula unaweza kukipunguza. Hata pasta unaweza kumpunguza kidogo kama unajua kuomba msamaha. Maneno ya baraka hayakatwi. Mtu aliyesimama kumbariki mtoto, tunamwacha mpaka akae.

Jambo la mwisho la kazi yetu, ndipo niingie kwenye kisa. Tuna kamera mbili. Kila asubuhi ya sherehe Mireille anazichukua zote mbili na kuzipa saa moja, ile ya ukutani. Kuanzia hapo kila picha inabeba saa yake mgongoni: saa, dakika, sekunde, na mwisho kabisa namba ya picha yenyewe. Ndiyo tunaita taimkodi. Kwa namba hizo anazilaza picha za kamera mbili pamoja, na sauti haimkimbii mtu mdomoni. Kwenye filamu iliyokwisha namba hazionekani. Ila kwanza, kabla hajapunguza chochote, anawapa wenye sherehe nakala ya kuangalia, namba zikitembea chini ya picha, ili waweze kumwambia: hapa umekosea jina la mjomba, hapa sauti iko chini. Tangu aanze hakuna aliyezitumia namba hizo kwa kazi nyingine. Mpaka alipokuja Adolphe.

Ilikuwa mahari ya Plamedie, kule Mbunya, nyumbani kwa Adolphe. Huyu Adolphe anauza saruji na mabati, na ni ndugu mkubwa wa marehemu baba ya Plamedie. Wazazi wa msichana walikufa yeye akiwa bado hajajua kusema vizuri. Aliyemlea ni Kahindo, mdogo wa mama yake, anayepikia madereva wa malori kwenye njia panda ya Komanda. Bugari, sombe, samaki, chai. Ukiitazama mikono yake kwenye HD unaona alama za mafuta ya moto hadi kwenye kiwiko. Mireille alipomuuliza yeye ni nani kwa bibi harusi, alicheka kidogo akasema, "Mama mudogo." Plamedie aliyekuwa karibu akamsahihisha pale pale: "Mama. Andika mama." Na Mireille akaandika mama.

Adolphe alihutubia kwanza, na alihutubia sana. Alipokaa, Kahindo akasimama na kitenge kipya mkononi, akamfunga Plamedie mabegani, akasema hivi. Nakumbuka kila neno kwa sababu kamera yangu ndiyo iliyokuwa usoni pake.

"Plamedie, sikukuzaa. Mwenye alikuzaa ni dada yangu, na leo angekuwa hapa, mimi ningekaa chini. Lakini nilikubeba mu mugongo mpaka Komanda, na usingizi yako naijua. Hii miaka yote, hakuna mutu wa hii nyumba alikuya kuniuliza huyu mutoto iko anakula nini. Leo mumekuya mingi. Karibuni. Sina kasirani. Mutoto yangu, enda na amani. Na siku watakusumbua, njia ya Komanda unaijua."

Akaendelea. Akamwita dada yake marehemu kwa jina, akaomba, akamwimbia msichana wimbo aliokuwa akimlaza nao. Wanawake wa upande wa wakwe wakapiga vigelegele huku wanalia. Mimi pia nililia, picha ikatikisika. Baadaye Mireille alinigombeza: nikitaka kulia, niweke kamera kwenye miguu yake mitatu ya chuma kwanza.

Tulimpa Adolphe nakala ya kuangalia. Akarudi studio na uso unaong'aa.

"Mademoiselle, hii namba ni muzuri kabisa!" alimwambia Mireille. "Nimepima. Siye tuko na minutes mingi kupita bakwe. Hotuba yangu peke yake inapita yao yote. C'est bien."

Alikuwa ameketi na filamu ya baraka ya mtoto wa marehemu ndugu yake, na kitu alichokipata mle ndani ni muda wa kila upande. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Sasa," akasema, "ile maneno ya Kahindo, toa."

"Nitoe gani?" Mireille aliuliza.

"Yote. Kuanzia pale anasimama mpaka pale anakaa. Na ile jina 'Mama ya bibi harusi', weka ku bibi yangu Rebecca. Kahindo unaweza kumuandika invitée."

Invitée. Mgeni mwalikwa. Mwanamke aliyekesha na homa za mtoto, aliyemfundisha kutembea katikati ya malori, aandikwe kwenye mahari ya mtoto huyo kuwa ni mtu aliyepewa kiti na soda. Nilihisi masikio yananiwaka.

Mireille hakupandisha sauti. "Papa Adolphe, baraka siye hatukatake. Na mama Rebecca nilimuuliza ye mwenyewe mbele ya kamera. Alisema: mimi ni bibi ya baba mukubwa."

"Nani alikuita ku hii kazi? Ni mimi ao ni Kahindo?"

"Ni weye, papa."

"Voilà. Kata."

Mimi nikaingilia, nikamwambia maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni. "Weye, shika kamera yako," akasema, akaondoka.

Mireille aligoma. Adolphe akapiga simu asubuhi, akapiga mchana, akatuma watu. Yeye aligoma tu. Aliyemvunja hakuwa Adolphe. Alikuwa Kahindo mwenyewe, aliyepiga simu kutoka Komanda, nyuma yake malori yananguruma.

"Kata, mutoto yangu," alisema. "Ndoa bado. Ule muzee akikasirika, atakataa kusimama mu kanisa, na Plamedie atalia mbele ya batu. Mimi nilisha kusema, na batu walisha kusikia. Inatosha."

"Haitoshi, mama."

"Kata."

Basi alikata. Niliona. Aliweka alama pale mama anapoinuka na kitenge, akaweka alama pale anapokaa, akabonyeza, na vipande viwili vikagusana kana kwamba katikati hapakuwahi kusimama mtu. Adolphe anamaliza hotuba, paa, watu wanacheza. Akabadilisha na ukanda wa jina: Rebecca, Mama wa bibi harusi. Halafu akatoka nje akanawa uso. Mimi nilipiga ndoo teke na ndoo haikuwa na kosa lolote. Mpaka leo sipendi kuliona jina lile la Rebecca kwa herufi zile nzuri, zimekaa mahali pake sawasawa, hazigusi kidevu, hazikuliwi na kioo. Uongo uliopangwa vizuri unauma zaidi kuliko ule uliopindapinda.

Kilichobaki ilikuwa kuipunguza densi, kuziondoa namba na kumpa mwenyewe filamu. Adolphe akakataa.

"Namba ziache! Bakwe wanasema filamu itawaficha. Wapime bo benyewe, waone nani alisema mingi."

Mireille akamwambia wazi, na mimi ni shahidi. "Papa, hii namba ni saa ya ile siku. Penye nilikata, itaruka. Batu wataona."

"Nani atasoma? Acha hivyo."

"Nakuambia tena, papa. Itaruka."

"Acha!"

Akaacha.

Jumapili baada ya ibada wakwe walikuja kwa Adolphe kuangalia filamu. Sisi hatukualikwa. Tuliitwa kwa sababu televisheni yake kubwa ilikataa kuisoma flashi. Alikuwa ameinunua ili aonekane, haikununuliwa ili ifanye kazi. Mireille akabeba kompyuta yake na waya, mimi nikabeba betri na hasira. Sebule ilikuwa imejaa. Rebecca, mke wa Adolphe, alikaa mbele amevaa kitenge cha siku ya mahari, macho yako chini. Nyanya yake bwana harusi, koko Valérie, alipewa kiti kikubwa. Nikamtafuta Kahindo. Nilimkuta nyuma, jikoni. Alikuwa ametoka Komanda kusaidia maandalizi ya ndoa na alikuwa anaosha sahani za hao hao waliokuja kuangalia filamu ya mtoto wake. Hakuna aliyemwita aingie. Nilimsalimia nikarudi na betri yangu.

Ndani, Adolphe alisimama mbele ya kioo akawafundisha wakwe namba. Lazima nikiri alifundisha vizuri kuliko walimu wangu wote. "Hapa ni saa. Hapa ni minutes. Hapa ni seconde. Muhesabie benyewe!" Watu wakapenda mchezo. Filamu ilipoanza, vijana wakawa wanazisoma kwa sauti: sasa ni saa nane na nusu, wageni wanaingia; sasa mbuzi; sasa shangazi anapokea. Ilikuwa kama siku ile inarudi, kila mtu anakumbuka alikuwa wapi saa ile. Hotuba ya Adolphe ilipofika walihesabu mpaka wakachoka, naye anatabasamu. Mwisho wake namba zilisimama kwenye saa tisa na dakika ishirini. Kufumba na kufumbua, watu wanacheza, na namba zinasoma saa tisa na dakika thelathini na moja.

Vijana waliendelea kupiga makofi. Koko Valérie akainua mkono.

"Musimamishe. Murudishe nyuma kidogo."

Mireille akarudisha.

"Hapa ni vingt," alisema koko, kidole kimeelekea kwenye kioo. "Hapa ni trente et un. Onze minutes imeenda wapi? Juu mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa nalia. Kilio yangu iko wapi?"

Nyumba nzima ikageuka kumtazama Adolphe. Yule aliyekuwa anatabasamu akakohoa, akatafuta kisingizio, na alipokipata akaninyooshea mimi kidole.

"Ni kamera, koko. Betri ya huyu kijana ilizima."

Betri yangu! Mimi ninayelala na betri kwenye chaja kama mtu anayelala na mtoto mgonjwa! Nilifungua mdomo, na nashukuru Mungu kwamba Mireille aliwahi kunishika mkono.

"Haikuzima," alisema. "Nilikata mimi. Niliambiwa kukata, na nikakata, na siwezi kukata tena. Iko humu ndani yote."

"Mademoiselle!" Adolphe alipiga kelele.

"Fungua," koko Valérie alisema, na kwa sauti ile hata Adolphe alikaa chini.

Mireille akafungua kazi yake mbele ya watu wote. Ilionekana pale kwenye televisheni kubwa kama utepe mrefu wa vipande, na alipovuta vipande viwili vikaachana, likabaki shimo jeusi katikati. Watu walilitazama lile shimo. Plamedie akainuka, akaenda jikoni, akarudi anamvuta Kahindo kwa mkono wenye povu la sabuni. Akamsimamisha mbele kabisa. Ndipo Mireille akarudisha kipande mahali pake.

Hakikuwa na muziki. Hakikuwa na waridi wala jina. Palikuwa na Kahindo tu na kitenge chake, na namba zinatembea chini. "Plamedie, sikukuzaa," alisema yule wa kwenye picha, na yule aliyesimama sebuleni akafunika mdomo kwa mkono wa povu. Lilipofika lile neno la hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuja kuuliza, Adolphe aliangalia dari. Aliiangalia kwa muda wote uliobaki, kana kwamba alitaka kujua mabati yake yalipigiliwa misumari mingapi. Koko Valérie akakipata kilio chake, akakirudia.

Filamu ikaendelea mpaka penye sura ya Rebecca, na ule ukanda mzuri ukateleza chini ya kifua chake. Mama wa bibi harusi. Rebecca akasema kwa sauti ndogo lakini kila mtu alisikia: "Hiyo hapana yangu. Toa." Nilikuwa nimemkasirikia bure. Naye pia hakuna aliyemuuliza kama analitaka jina lile.

Mireille akautoa. Akarudi kwenye uso wa Kahindo, akaweka ukanda mtupu, vidole juu ya herufi, akageuka na kumuuliza kama anavyomuuliza kila mtu, kana kwamba hamjui.

"Jina yako nani? Na weye ni nani kwa bibi harusi?"

"Kahindo," alijibu mama. Alimtazama Adolphe, akayatazama mapovu mkononi.

"Andika mama," Plamedie alisema. "Hivi hivi. Isikuwe mudogo."

Herufi zikatoka moja moja mbele ya familia mbili. Mireille akazisogeza kidogo zisimguse kidevu. Halafu akamwambia mama kwamba asiwe na wasiwasi, filamu atakayopewa itakuwa safi, namba zote zitaondolewa.

"Kwingine kote, toa," Kahindo alisema. "Kwangu, acha. Siku moja wasikuye kusema kama sikuwa hapo."

Kanisani, Adolphe alisimama. Tena alicheka na kamera yangu kama hakukuwa na kitu, na nilimpiga picha kwa sababu ndiyo kazi. Mtu wa aina yake hakosi kusimama penye watu wengi, tulihofia bure.

Ile filamu ya mahari ipo mpaka leo kule kwa Plamedie, na nakala nyingine iko Komanda, madereva wanaiangalia wakila. Ni safi tangu mwanzo. Inapofika saa tisa na dakika ishirini namba zinatokea chini ya jina la mama, zinatembea, na akikaa zinatoweka. Watu wa fani wakiiona wanamwambia Mireille alisahau kuzifuta. Yeye anawaacha waseme. Mimi siwaachi.